Sanduku la Upepo Kutoka Uchina

Nimeketi mbele ya mabaraza mengi ya kanisa maishani mwangu, mengine kama mpika chai na moja kama mshitakiwa, na ninamshukuru Mungu aliyenipa subira ya kuyavumilia yote. Lakini sijaona baraza lililotumia pumzi nyingi kwa jambo dogo kama lile lililojadili sanduku la upepo. Wanaume wazima waliobatizwa, wenye makoti, walikaa msimu mzima wa mvua wakibishana nani ashike mpini, huku wimbi wa watu, yaani ule ulezi wa uji na ugali, ukiota ukungu majumbani. Wajukuu wangu wanadhani wazee wa zamani walikuwa na hekima tupu. Walikuwa nayo. Walikuwa pia na mambo mengine, na hayo ndiyo ninayoandika hapa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeolewa kwenye mlima mmoja si mbali na Birongo, huko Kisii. Mume wangu alikuwa kibarua katika mashamba ya majani chai huko Kericho. Alikuja nyumbani Krismasi na kurudi kazini kabla mtoto hajamzoea. Mama mkwe alikuwa amefariki. Nilibaki na watoto wawili, mmoja bado wa mgongoni, na shamba la wimbi ambalo mwaka ule Mungu alilibariki kuliko nilivyotegemea. Baraka ile ndiyo iliyoniletea taabu yote.

Mtu anayenunua unga dukani hajui wimbi ni nini. Unakata masuke kwa kisu kidogo, suke moja baada ya jingine, mpaka vidole vife ganzi. Unayarundika ndani na kuyafunika hadi yapate joto na kulegea. Unayaanika. Unayapura kwa fimbo kwenye kiwanja kilichopakwa samadi ya ng'ombe. Ukimaliza hayo yote, unabaki na rundo la punje ndogo kuliko chawa, zimechanganyika na makapi na vumbi linalowasha shingoni kama upupu. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu wimbi wenye makapi hauwekwi ghalani. Lazima upepetwe.

Na kupepeta kunataka upepo. Asubuhi katika milima yetu jua huwaka vizuri na hakuna jani linalotikisika. Upepo huja alasiri, na hauji peke yake. Huja umeibeba mvua. Kati ya upepo na mvua unapata nafasi ya kumwaga vikapu vichache tu, kisha unakimbia na mikeka kichwani. Walio na watu hawakuogopa jambo hili. Waliita risaga, yaani majirani kuungana na kumfanyia mmoja kazi yake, na wanawake kumi wakishika nyungo kwa wakati mmoja, nafasi ile fupi huwatosha. Lakini risaga hulipwa kwa pombe, na pombe hupikwa kwa wimbi huo huo. Sisi watu wa kanisa, tulioitwa wasomaji, tulikuwa tumeacha pombe. Mimi niliwaalika majirani nikiwa na nia njema kabisa, nikawapikia uji wa maziwa.

Jirani yangu wa ng'ambo ya kijito alikuja, akafunua chungu, akanusa.

"Ni uji," alisema.

"Ni uji, mama. Karibu."

"Uji nimeuacha kwangu jikoni. Nivuke maji nije kunywa wa kwako, una nini ambacho wangu hauna?"

"Una maziwa," nilisema.

"Maziwa!" Aligeukia wenzake. "Mmesikia? Tumeitwa kunyonya."

Walicheka mpaka njiani. Mmoja alipaza sauti ili nisikie vizuri: "Mwambie Mzungu wake aje apure!" Basi nilipura peke yangu, mtoto mgongoni, na wimbi wote ukaingia ndani ya nyumba pamoja na makapi yake. Wanawake wa kanisani wasingeweza kunisaidia. Kila mmoja alikuwa na rundo lake na mvua yake. Nilipepeta kwa ungo tangu asubuhi hadi mikono ikakataa, nikapata kikapu kimoja. Kisha nikatia mkono katikati ya rundo lililobaki, nikakuta lina joto. Wimbi ukipata joto hivyo, siku zake ni chache. Utakuwa mweusi, utakuwa mchungu, na hata ukiupanda hauoti. Chakula changu cha mwaka mzima kilikuwa pale, na mbegu ya mwaka uliofuata ilikuwa pale.

Na dawa ya ugonjwa ule ilikuwa karibu sana, ndani ya stoo ya kanisa, nyuma ya kufuli.

Lazima nieleze ilivyofika pale. Mmisionari aliyeletwa kwetu wakati huo alikuwa amemaliza ujana wake Uchina, mpaka wageni walipofukuzwa kule. Mwili wake ulifika Kisii. Roho yake sina hakika. Alikuwa mtu mpole na nilimheshimu, lakini hakuweza kuona kitu chochote chetu bila kutaja kinachofanana nacho kule Uchina. Ukimwonyesha ndizi, kule Uchina. Ukimwonyesha msiba, kule Uchina. Siku moja baada ya ibada alitukalisha nje akatufundisha jinsi watu wa kule wanavyoshughulikia mavuno.

"Kule Uchina," alisema, na mkalimani akatafsiri, "masuke hutandazwa uwanjani, na ng'ombe huvuta jiwe la mviringo juu yake, akizunguka na kuzunguka, mpaka punje zitoke."

Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa ameketi karibu nami aliinua mkono. "Ng'ombe anakanyaga chakula?"

"Ndiyo, mama."

"Na akinya?"

Mkalimani alikohoa. Akamwambia Mzungu kwamba mama anauliza habari za usafi. Mzungu alifurahi, akajibu kwamba mtoto hufuata nyuma akiwa na kata, ng'ombe akiinua mkia mtoto anakinga.

"Yaani amezaliwa mtu," alisema yule mama, "akalelewa, akaota meno, ili afuate mkia?"

Ibada ile haikuwa na neno jingine lililokumbukwa. Mmisionari aliendelea kueleza, maskini. Alieleza fimbo mbili zilizofungwa pamoja kwa ukanda wa ngozi, ambazo watu husimama mstari mmoja na kupura nazo kwa zamu. Alieleza nyundo kubwa ya mti inayoinuliwa kwa kukanyagwa, ya kukoboa mpunga kwenye kinu cha mawe. Alieleza hata nyundo zinazoinuliwa na maji ya mto, zikitwanga mpunga huku mwenye mpunga amelala. Hilo liliwachukiza wanaume waziwazi. "Kama mto unatwanga," mmoja aliuliza, "wanawake wa huko wameolewa kufanya nini?" Niliwatazama wale wanaume, kila mmoja ameketi kivulini akingoja ugali ambao hajui umesagwaje, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu siku hizo kulikuwa kwingi, na si kote kulikuwa unyenyekevu.

Alianza na jiwe. Aliwatafuta wachongaji, wakachonga jiwe la mviringo zuri, zito, na akasahau jambo moja tu: Uchina aliyoijua yeye ilikuwa tambarare. Kwetu huna mahali pa kuweka yai likakaa. Siku ya kulijaribu, ng'ombe alizunguka nusu duara, kamba ikakatika, na jiwe likashika njia. Lilipita kwenye migomba, likapita kwenye banda la mbuzi la shemasi, likatua kijitoni. Liko huko hadi leo, na wanawake hufulia nguo juu yake. Hiyo ndiyo faida pekee tuliyopata kwa jiwe la Uchina, na siidharau. Ni jiwe zuri la kufulia.

Kisha akachora sanduku. Seremala wa kanisa aliliunda kwa mbao, na hata mimi niliona ni kitu chenye akili. Lilikuwa refu, lina miguu minne. Upande mmoja lilikuwa na tumbo la duara, na ndani ya tumbo mabawa manne ya mbao nyembamba yaliyozungushwa kwa mpini wa chuma. Juu lilikuwa na mdomo wa kumiminia nafaka. Ukizungusha mpini, mabawa yanatoa upepo; nafaka ikishuka, iliyo nzito inaanguka chini kwenye mkeka, na makapi yanarushwa nje upande wa pili. Upepo bila mawingu! Upepo wa asubuhi, jua likiwa linawaka! Nilipoliona moyo wangu uliruka, nikamshukuru Mungu hapo hapo, mapema mno.

Mmisionari alilijaribu mbele ya kanisa kwa kikapu cha wimbi cha mke wa shemasi. Lakini mkono wake ulikuwa mkono wa mpunga. Punje ya mpunga ni nzito, inastahimili. Wimbi ni vumbi lenye jina. Alizungusha kwa nguvu ya Uchina, na makapi yakaruka, na wimbi ukaruka pamoja nayo, wote, hadi kwenye nyasi, na kuku wa kanisa wakapata sikukuu yao. Alikwisha kuelewa kosa lake. Alisema, "Polepole, lazima iwe polepole." Lakini nani alimsikia katika kicheko kile? Na kabla hajarudia jaribio, wakubwa wake walimhamishia kituo kingine. Sanduku likaingia stoo, na jambo likaingia barazani.

Nilikuwa zamu ya chai siku ya kikao cha kwanza, kwa hiyo niliyasikia kwa masikio yangu.

"Kupepeta ni kazi ya wanawake," alisema mmoja. "Kwa hiyo mwanamke ndiye atakayeshika mpini."

"Mpini wa mashine?" alijibu shemasi, yule wa banda la mbuzi. "Umeona wapi mwanamke akizungusha mashine? Kesho atataka baiskeli."

"Basi mwanamume azungushe."

"Mimi? Nipepete wimbi, watoto wangu wakinitazama?"

"Si kupepeta, ndugu. Ni kuzungusha."

"Kinachotoka upande ule ni nini?"

"Makapi."

"Basi nimepepeta."

Mzee wa kanisa, ambaye alikuwa amefika darasa la nne na hakumruhusu mtu yeyote asahau, aliweka kikombe chini. Alisema swali si la mpini tu. Upepo, alisema, ni wa Mungu. Je, ni sawa kwa Mkristo kujitengenezea wake? Palikuwa na walioitikia kwa vichwa kana kwamba wamelishwa asali. Mtu yule yule alikuwa na mfuko wa ngozi wa mhunzi nyumbani kwa kaka yake, aliopulizia moto tangu utotoni, na upepo ule haukuwahi kumsumbua dhamiri. Aliahirisha kikao. Alifunga kwa sala ndefu iliyomweleza Mungu mambo mengi ambayo Mungu anayajua, kisha akatia ufunguo wa stoo katika koti lake.

Wimbi wangu ulipopata joto nilimwendea.

"Mzee, naomba kuazima sanduku. Rundo langu limeanza kuharibika."

"Dada, jambo liko mbele ya baraza."

"Baraza litakaa lini?"

"Mvua ikipungua. Ndugu wanatoka mbali, njia zinateleza."

"Mvua ikipungua, mzee, nitakuwa na siku za kutosha za upepo. Sanduku nalihitaji sasa, mvua ikiwapo."

Alinitazama kwa huruma, namna ya kumtazama mtoto anayelilia mwezi. "Subira, dada. Wewe ni mtu wa maombi."

Nilimshukuru. Njiani nilimwombea, na sala ile haikuwa ndefu.

Baba mkwe wangu hakuwa mtu wa maombi. Alikuwa mtu wa mrija; alasiri nyingi alizikalia mbele ya chungu cha pombe pamoja na wenzake. Kanisani aliingia mara moja tu, akimtafuta ndama. Kati yake na mimi kulikuwa na chinsoni, ile sheria yetu ya aibu na heshima inayotenganisha mkwe na mkamwana: haingii nyumbani kwangu, sikai anapokaa, hatugusani, hatutazamani usoni ovyo. Niliishi naye miaka mingi bila kujua vizuri rangi ya macho yake. Siku ile alisimama pembeni mwa ua, mahali anaporuhusiwa, akatazama upande wa migomba.

"Mkamwana, ni nini kinachonuka?"

"Ni wimbi, tata," nilijibu, kwa maana ndivyo tunavyowaita baba zetu.

"Lile sanduku la Mzungu, linafanya kazi au ni la kutazamwa?"

"Linafanya kazi, tata. Baraza halijaamua nani azungushe."

"Halijaamua?"

"Wanasema ni kazi ya wanawake lakini mpini ni wa wanaume."

Aliiambia migomba kitu ambacho siwezi kukiandika, akaondoka. Nilimfuata kwa mbali na mtoto wangu. Aliwapitia wenzake wawili wa mrija, wote watatu wakapanda hadi kanisani wakinuka pombe njia nzima, wakamkuta mzee wa kanisa akifagia mlangoni.

"Fungua stoo," alisema baba mkwe.

"Hilo sanduku ni mali ya kanisa!"

"Na wimbi ni mali ya mwanangu. Nitarudisha chako, wewe utanirudishia changu kikioza?"

"Wewe si mshiriki hapa."

"Ndiyo maana huwezi kunitenga. Fungua, ama nibebe na mlango."

Mzee alitoa ufunguo kwa vidole viwili, kama mtu ashikaye panya kwa mkia. "Nafungua kwa kulazimishwa. Ninyi mashahidi mnaona."

"Tunaona," alisema mmoja wa walevi, kwa adabu sana. "Tumeona pia kufuli lina kutu. Lipakeni mafuta."

Kesho yake asubuhi jua liliwaka na hakuna jani lililotikisika, na sanduku lilisimama uani kwangu. Wale wenzake walikuwa wameshalitua na kwenda zao. Hapo ndipo tulipoona shida. Mpini na mdomo wa kumiminia vilikuwa karibu mno. Mwenye kuzungusha na mwenye kumimina wangekuwa ana kwa ana, na mwenye kumimina hujifunga nguo kiunoni, huinama, huchafuka, hukohoa. Mimi nisingeweza. Yeye asingeweza. Alitazama migomba.

"Lete blanketi," alisema.

Tulisimika miti miwili tukatandaza blanketi katikati, likapita juu ya sanduku lenyewe. Yeye akabaki upande wa mpini, mimi upande wa mdomo. Nilichopata kwake kilikuwa sauti ya chuma na kikohozi cha tumbaku. Nilimimina, akazungusha.

Alizungusha kama mtu anayepigana. Wimbi ukaruka pamoja na makapi, chakula cha watoto wangu kikienda kwenye nyasi mbele ya macho yangu. Ningemwambia nini? Mkamwana hampangii baba mkwe mwendo wa mkono wake. Hatukuwa na mtu wa kumtuma. Nilisimamisha kumimina, naye, asiyeona, aliendelea kuzungusha sanduku tupu kwa bidii ya ajabu.

Basi nikaimba. Wanawake huimba wakipepeta, hakuna ubaya katika hilo. Nilianza wimbo wa kanisa wa furaha, na mkono wake ukaufuata, ukazidi kukimbia. Nikatafuta kichwani wimbo wa polepole kuliko zote, na niliupata: ule tuliouimba jeneza likiteremshwa. Nilipoanza ubeti wa kwanza chuma kilisita. Kikasita tena. Kisha kikashika mwendo, kikawa kinazunguka kama watu wanavyotembea nyuma ya maiti. Nikamimina. Makapi yakatoka upande wa pili kwa utulivu, na wimbi ukaanguka kwenye mkeka, safi, mwekundu, ukitoa sauti ya mvua nyembamba juu ya majani.

Sijaimba kwa shukrani vile tena. Kila nilipomaliza wimbo alianza kukimbia, kwa hiyo sikupumzika. Niliimba nyimbo zote za mazishi nilizozijua, kisha nikazirudia. Mtu aliyekataa injili maisha yake yote alizungushwa na injili asubuhi nzima.

Sikufikiri jinsi sauti ile ilivyofika ng'ambo. Majirani walijua mume wangu yuko Kericho. Walisikia nyimbo za kaburini zikitoka kwangu bila kukoma, wakajua habari imekuja. Niliwaona wakipanda kilima mbio, mikono vichwani, na mbele yao yule mama aliyenusa uji wangu, akilia kwa sauti yake yote: "Uui! Ameacha watoto wadogo! Mwanamume mzuri vile!"

Walisimama walipoona blanketi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Unamwimbia nani basi?"

"Naimbia upepo."

Kutoka nyuma ya blanketi baba mkwe aliita, "Mkamwana, mbona umenyamaza? Mkono wangu unasahau."

Yule mama alizunguka, akachungulia, akaona. Machozi yake yalikuwa bado mashavuni. "Mzee! Unapepeta!"

"Nazungusha," alisema baba mkwe. "Kupepeta kunafanyika upande ule."

Walikaa chini kwa kicheko. Walikuwa wamekimbia, walikuwa wamelia, na kurudi mikono mitupu hakukuwafaa. Baadhi yao wakashika pembe za mikeka, wakabeba vikapu. Kwa njia hiyo nilipata risaga yangu, bila pombe na hata bila uji. Mvua ilipofika alasiri ilikuta ua mtupu. Wimbi wangu ulikuwa juu darini, ukimalizia kukauka mahali pakavu, tayari kwa ghala.

Baraza ambalo lisingeweza kukaa kwa sababu ya mvua lilikaa wiki ile ile, na mvua ikinyesha. Njia hazikumtelezesha mtu. Niliitwa mbele. Niliambiwa nimetenda dhambi.

"Ipi?" niliuliza.

Mzee wa kanisa alisema ni kutumia nyimbo takatifu za mazishi kwa makapi. Shemasi alisema hapana, ni kutumia mali ya kanisa pamoja na walevi. Wa tatu alisema yote hayo ni madogo. Jambo zito ni kufanya kazi na baba mkwe. Walianza kubishana wao kwa wao kuhusu dhambi yangu, nami nikiwa nimesimama, mpaka nikawauliza kama niwapikie chai. Hawakukubaliana. Waliamua nisishiriki meza ya Bwana mpaka dhambi yenyewe ipatikane.

Nikakaa benchi la nyuma. Ni mahali pazuri. Unaona migongo ya makoti yote.

Wakati huo huo wimbi wa mke wa mzee ulikuwa mweusi. Nilimkuta kijitoni akiuosha, akilia, jambo la kusikitisha kwa maana wimbi uliooza hauoshiki. Nadhani alisema neno nyumbani, kwa sababu baraza lilikaa tena ghafla likatoa uamuzi. Sanduku liliruhusiwa. Mwanamume azungushe na mwanamke amimine, na kati yao litundikwe blanketi. Hawakuuliza blanketi lilikuwa la nini. Walisikia lilikuwepo, wakalitia katika sheria. Hata mume na mke wake wa ndoa, waliolala kitanda kimoja, walitenganishwa kwa blanketi ili wapepete kwa utakatifu. Miaka mingi ilifanywa hivyo! Nimeona vijana wakikimbia mlima mzima kutafuta blanketi, wimbi ukingoja. Na kwa kuwa hakuna aliyejua nyimbo za polepole zote, waliniita niimbe: mimi, ambaye siruhusiwi mkate, nikipita ua kwa ua nikiimba nyimbo zile zile nilizohukumiwa kwazo.

Lakini kwa wengi sheria ile ilichelewa. Miezi michache baadaye yalikuja makambi, mkutano mkubwa wa makanisa, upande wa Nyamira. Kila kanisa lilipaswa kuleta unga, na unga wa kanisa letu ulikuwa mchungu. Mzee wa kanisa alikuja mwenyewe hadi uani.

"Dada, kanisa litaaibika."

Nilimtazama. Koti lilikuwa lile lile. Nilifikiri kumwambia kwamba jambo liko mbele yangu na nitalikalia mvua ikipungua. Mungu alinizuia, na ninamshukuru, ingawa ilibaki kidogo. Nilisaga unga kwenye jiwe siku kadhaa, nikaubeba hadi makambi, nikapika na wengine. Wazee walikula, wakasifu ugali ule mwekundu, wakaongeza. Sabato ilipofika na meza ya Bwana ikaandaliwa, nilikaa nyuma, mikono yangu ikinuka moshi. Walininyima mkate wa Bwana, wakala ugali wangu. Nilirudishwa mezani baadaye, mwaka mwingine, bila maelezo. Dhambi haikupatikana.

Niliporudi kutoka makambi baba mkwe alikuwa amesimama pembeni mwa ua, akitazama migomba.

"Walishiba?"

"Walishiba, tata."

"Walikushukuru?"

"Walimshukuru Mungu."

"Huyo naye alizungusha?"

Nilikuwa na jibu la kanisani, tena zuri, nililofundishwa tangu darasa la ubatizo. Sikulitoa. Nilimletea uji, nikauweka chini kwenye nyasi nikarudi nyuma ili aje auchukue, na alipokuwa akinywa niliingia ndani nikaanza kutenga mbegu.